SAFARI YA NYUZINYUZI: KUTOKA MULAGO HADI SAHANI YAKO

Ndugu msomaji, kuna elimu moja ambayo ulimwengu uliipata kwa kutuangalia sisi, lakini wenyewe wengi wetu hatuna habari nayo. Siku hizi watu wa Ulaya na Marekani wanaingia madukani kununua pumba za ngano zilizotiwa ndani ya makopo mazuri, na kwa bei kali. Ukiwauliza kwa nini, watakwambia ni kwa ajili ya nyuzinyuzi. Sasa je, wajua kwamba sehemu kubwa ya elimu hiyo ya nyuzinyuzi ilianza kwa madaktari waliokuwa wakiangalia sahani za wakulima wa Kenya na Uganda? Naam, na pia waliangalia choo chao. Usicheke bado, tutafika huko.

Kwanza tuelewane maneno. Nyuzinyuzi ni ile sehemu ya mmea ambayo tumbo la mwanadamu haliwezi kuisaga lenyewe: ganda la mahindi, pumba za ngano, ngozi ya maharagwe, nyama ya tunda na mboga. Wengine huiita makapi. Nyingine kati ya nyuzinyuzi hizi zinapofika kwenye utumbo mpana huliwa na bakteria wazuri wanaoishi humo, nao huzaana na kutufanyia kazi. Hizo ndizo zinazoitwa prebiotiki. Usichanganye na probiotiki, ambayo ni bakteria wenyewe wakiwa hai. Kwa ufupi, probiotiki ni mifugo, prebiotiki ni majani ya kuilisha.

Historia hii inatuhusu kwa sababu moja tu. Kile tulichokuwa nacho bure twakitupa, na maradhi ambayo hatukuwa nayo twayaokota. Hebu tuone ilivyokuwa.

MARADHI AMBAYO HAYAKUWEPO

Mwaka wa 1929 daktari mmoja wa serikali ya kikoloni aitwaye C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo, magharibi mwa Kenya, aliandika makala katika jarida la Lancet la London. Alikuwa amepima presha za watu wapatao 1,000. Kule Uingereza ilijulikana kwamba presha hupanda kadiri mtu anavyozeeka. Huku kwetu Donnison akakuta mambo mengine: baada ya miaka 40 presha haikupanda, bali ilielekea kushuka. Na katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa katika hospitali yake, hakukuta hata mmoja wa kumwandikia ugonjwa wa presha. Hata mmoja, ndugu yangu!

Mwaka huohuo wa 1929 daktari mwengine Mwingereza, Hugh Trowell, aliwasili Kenya. Mwaka wa 1935 akahamia Uganda, akawa daktari katika hospitali ya Mulago na mwalimu wa wanafunzi wa udaktari wa Makerere. Kwa jumla alikaa Afrika Mashariki karibu miaka 30. Wengi humkumbuka kwa kazi yake juu ya kwashiorkor, ule utapiamlo wa watoto unaovimbisha miguu na tumbo. Lakini Trowell alikuwa pia na tabia nzuri ya kuandika kile ambacho hakioni. Mwaka wa 1956 yeye na mwenzake A. C. Singh walichapisha katika jarida la udaktari la Afrika Mashariki habari ya Mwafrika mmoja aliyepatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja tu, na ilikuwa habari ya kuandikwa jaridani! Leo nani ataandika makala kwa sababu amemwona mtu mmoja mwenye ugonjwa wa moyo?

Mwaka wa 1960 Trowell alitoa kitabu kizima kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika. Humo alionyesha maradhi mengi ambayo Ulaya yalikuwa yamejaa na huku yalikuwa adimu. Alishuku chakula, lakini hakuwa na njia ya kuunganisha yote pamoja. Njia hiyo ilikuja na mtu mwengine.

DAKTARI WA JICHO MOJA

Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka wa 1911. Alipokuwa kijana mdogo alipoteza jicho moja, lakini hilo halikumzuia kuwa daktari wa upasuaji. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitumikia jeshi la Waingereza, na akafika Kenya na Somalia. Vita vilipokwisha, mwaka wa 1946, akapelekwa Uganda, kwanza Lira na baadaye Mulago.

Jina lake lilivuma kwanza kwa saratani ya watoto. Mwaka wa 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya, kisha akaona mwengine na mwengine. Mwaka wa 1958 akaandika juu ya uvimbe huo, ambao mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Hakukaa Kampala kusubiri wagonjwa. Mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu na kusafiri yapata kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika na kurudi, wakipita hospitali baada ya hospitali na kuuliza: je, ugonjwa huu mnauona hapa? Kwa njia hiyo akachora ramani ya ugonjwa, akagundua kwamba unafuata sehemu zenye joto na mvua.

Zingatia somo hilo, msomaji, kwa sababu ndilo lililozaa hadithi yetu. Burkitt alijifunza kwamba ukiuliza ugonjwa uko wapi na wapi haupo, jibu laweza kukuonyesha chanzo chake.

Alirudi Uingereza mwaka wa 1966. Mwaka uliofuata akakutanishwa na daktari mstaafu wa jeshi la majini, Peter Cleave. Huyu alikuwa na dai moja alilolishikilia kwa miaka mingi: kwamba maradhi mengi ya watu wa mjini yana mzizi mmoja, yaani sukari na unga mweupe. Wakati wa vita Cleave alikuwa kwenye manowari ya King George V, na mabaharia walipofunga choo aliwapa pumba za ngano. Wenzake wakamtania kwa hilo, yeye hakujali.

Tukumbuke kwamba unga mweupe kuwa chakula cha kila mtu si jambo la kale. Zamani ngano ilisagwa kwa mawe, na unga mweupe ulikuwa wa matajiri. Katika miaka ya 1870 na 1880 vinu vya rola za chuma vilienea Ulaya na Marekani. Rola hizo huvua ganda na kiini cha punje kwa urahisi, na kubakisha wanga mtupu. Unga ukawa mweupe, ukakaa muda mrefu bila kuharibika, na bei ikashuka. Maskini akapata kula mkate wa tajiri, na pamoja na mkate huo akapata maradhi ya tajiri.

Burkitt alimsikiliza Cleave na mara moja akakumbuka wodi za Mulago. Maradhi yote ambayo Cleave aliyataja, kidole tumbo, bawasiri, vijiwe vya nyongo, mifuko ya utumbo, saratani ya utumbo mpana, yeye kama daktari wa upasuaji alikuwa ameyaona kwa nadra sana Uganda. Lakini alitofautiana na Cleave kidogo. Cleave alilaumu kilichobaki ndani ya unga, yaani wanga na sukari. Burkitt akauliza: na je, kile kilichotolewa?

HABARI YA CHOO

Basi akarudia mbinu yake ya zamani. Akaandikia hospitali nyingi za Afrika, hasa zile za wamishonari, akiwauliza kila mwezi wameona wagonjwa wangapi wa maradhi kadha wa kadha. Majibu yakaja yanafanana: wachache, au hakuna. Pia kule Johannesburg alikuwepo mtafiti Alec Walker, ambaye tangu miaka ya 1940 alikuwa akichunguza vyakula vya Waafrika wa Afrika Kusini.

Mwaka wa 1972 Burkitt, Walker na daktari mwengine aitwaye Neil Painter walichapisha katika Lancet makala ambayo, tuseme ukweli, wengi wangeona haya kuiandika. Waliwapa watu vidonge vidogo vya plastiki wavimeze, vya aina inayoonekana kwenye eksirei. Kisha wakakusanya choo chao na kukipima: kina uzito gani, na vile vidonge vimechukua muda gani kutoka. Mabaharia wa Kiingereza, waliokula mkate mweupe, walitoa kama gramu 100 tu kwa siku, na chakula kilikaa tumboni zaidi ya siku tatu. Wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400, na safari yote ilichukua kama siku moja na nusu.

Burkitt hakuona haya hata kidogo. Alipohutubia madaktari wakubwa alionyesha picha za choo alizopiga mwenyewe vijijini. Aliona kwamba taifa lenye choo kidogo huhitaji hospitali kubwa. Trowell, ambaye alikuwa amestaafu, alijiunga naye, na mwaka wa 1975 wawili hao wakatoa kitabu kuhusu vyakula vilivyokobolewa na maradhi. Katika miaka michache tu neno nyuzinyuzi likaingia kila jikoni Uingereza na Marekani. Viwanda vikaanza kuuza pumba zilezile ambazo zamani zilikuwa chakula cha kuku.

TUSIPENDELEE

Hata hivyo, msomaji, historia si sifa tupu. Kuna waliompinga Burkitt, na hoja zao zina uzito.

Kwanza, Afrika ya wakati ule ilikuwa na hospitali chache na watu wengi walikufa mapema, kabla ya umri wa saratani na moyo. Ugonjwa usipoonekana, pengine ni kwa sababu hakuna aliyeuangalia.

Pili, mkulima wa Uganda hakutofautiana na baharia wa Kiingereza kwa pumba tu. Alitembea, alilima, alikula mafuta kidogo na sukari kidogo. Utajuaje kilichomsaidia ni kipi?

Tatu, chakula cha zamani si kwamba chote kilikuwa kizuri. Mwaka wa 1931 watafiti John Boyd Orr na John Gilks walichapisha uchunguzi wao juu ya Wamaasai na Wakikuyu, na wakaonyesha upungufu mkubwa wa lishe kwa wale walioishi kwa nafaka karibu peke yake. Na ile kwashiorkor ya Trowell ilikuwa ikiua watoto waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi tele lakini bila protini ya kutosha. Basi asije mtu akakwambia kwamba babu zetu waliishi peponi.

Pigo kubwa lilikuja mwaka wa 2000. Matokeo ya majaribio mawili makubwa ya Marekani yalitolewa. Watu waliokuwa wameondolewa vinyama vya utumboni vinavyoweza kugeuka saratani waliongezewa nyuzinyuzi kwa miaka kadhaa, lakini vinyama vikarudi vilevile kama kwa wale wasioongezewa. Wengi wakasema basi, hadithi ya Burkitt imekwisha.

Kumbe haikwisha. Mwaka wa 2019 Lancet lilitoa uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, uliokusanya tafiti 185 za kufuatilia watu kwa muda mrefu na majaribio 58. Ilionekana kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi, wakilinganishwa na waliokula kidogo, vifo vyao vilikuwa chini kwa asilimia 15 hadi 30, na ugonjwa wa moyo, kisukari cha ukubwani na saratani ya utumbo mpana pia vilikuwa chini. Faida kubwa ilionekana kwa waliokula gramu 25 hadi 29 kwa siku. Uzito wa mwili ulipungua pia, ingawa si sana.

Sasa kwa nini majaribio yale mawili yalishindwa, na tafiti za muda mrefu zikaonyesha faida? Pengine ni kwa sababu Burkitt alidhani nyuzinyuzi ni ufagio tu: zinaingia, zinafagia, zinatoka. Hakuwahesabu vya kutosha wenyeji wa humo ndani.

WENYEJI WA UTUMBO

Kisa cha wenyeji hawa kilianza na watoto wachanga. Mwaka wa 1899 Henri Tissier wa Taasisi ya Pasteur, Paris, aliona katika choo cha watoto wanaonyonya bakteria wenye umbo la herufi Y. Ndio wanaoitwa bifidobakteria. Watoto wanaonyonyeshwa walikuwa nao tele. Mwaka wa 1954 mtaalamu Paul György na wenzake walieleza kwamba ndani ya maziwa ya mama mna kitu kinachowakuza bakteria hao. Ni sukari za aina ya pekee ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Na si kidogo: baada ya sukari ya kawaida ya maziwa na mafuta, hizo ndizo nyingi zaidi katika vitu vigumu vya maziwa ya mama.

Tafakari kidogo hapo. Mama ananyonyesha mtoto, na katika maziwa yake mna chakula ambacho si cha mtoto bali cha bakteria wa mtoto. Hiyo ndiyo prebiotiki ya kwanza ambayo kila mmoja wetu aliionja, kama alibahatika kunyonya.

Nyengine ni inulini, iliyogunduliwa mwaka wa 1804 na mkemia Mjerumani Valentin Rose katika mizizi ya mmea mmoja wa dawa. Inulini na jamaa zake zimo katika kitunguu maji, kitunguu saumu na ngano. Mwaka wa 1995 wataalamu wawili, Glenn Gibson wa Uingereza na Marcel Roberfroid wa Ubelgiji, ndio waliotoa jina hilo la prebiotiki.

Kazi yenyewe ni hii. Nyuzinyuzi hizi hupita tumboni na kwenye utumbo mwembamba bila kuguswa. Zikifika utumbo mpana, bakteria huzivundika, kama vile uji unavyochacha, na kutoa gesi pamoja na asidi ndogondogo za mafuta: asetati, propionati na butirati. Mwaka wa 1980 daktari W. E. W. Roediger alionyesha kwamba seli za ukuta wa utumbo mpana hutumia butirati kama mafuta yake makuu, mfano wa kuni kwa jiko. Ukuta ukipata kuni unakuwa imara, hauvuji ovyo. Bakteria wakikosa nyuzinyuzi, baadhi yao hugeuka na kula ute unaolinda ukuta wenyewe. Yaani usipomlisha mpangaji, ataanza kung'oa mbao za nyumba!

NA KITAMBI JE?

Hapa ndipo vijana wengi husikiliza vizuri. Mwaka wa 2004 maabara ya Jeffrey Gordon mjini St. Louis, Marekani, ilichukua panya waliolelewa bila bakteria wowote, ikawatia bakteria kutoka utumbo wa panya wa kawaida. Ndani ya wiki mbili mafuta ya miili yao yaliongezeka kwa kama asilimia 60, na walikuwa wakila kidogo zaidi kuliko kabla. Watu wakashangaa: kumbe bakteria nao wana mkono katika unene!

Mwaka wa 2013 maabara hiyohiyo ikatumia mapacha, mmoja mnene na mmoja mwembamba. Panya waliopewa bakteria wa pacha mnene wakanenepa. Lakini walipowekwa nyumba moja na panya wenye bakteria wa pacha mwembamba, wakaambukizwa wembamba. Sharti lilikuwa moja: iwe chakula chao kina mafuta kidogo na matunda na mboga nyingi. Kwa chakula cha mafuta mengi na nyuzinyuzi chache, bakteria wazuri hawakupata pa kushika.

Kwa binadamu, mwaka wa 2017 watafiti wa Calgary, Kanada, walitoa matokeo ya watoto 42 wanene wa miaka 7 hadi 12. Waliopewa gramu 8 za inulini maalumu kila siku kwa wiki 16 walipungua mafuta ya mwili kuliko wenzao. Sababu moja ni kwamba zile asidi ndogondogo huamsha homoni za utumbo zinazouambia ubongo, "tosha, tumeshiba." Sababu nyengine ni ya kawaida kabisa: chakula chenye nyuzinyuzi hutafunwa muda mrefu na hujaza tumbo kwa kalori chache.

Lakini usidanganyike na matangazo. Panya si mtu, na katika majaribio mengi ya watu wazima uzito uliopungua ulikuwa mdogo. Hakuna unga wa kopo utakaoyeyusha kitambi cha mtu anayekula chipsi na soda kila siku.

WALIPOBADILISHANA SAHANI

Jaribio ambalo Burkitt angelipenda, lau angelikuwa hai (alifariki mwaka wa 1993), lilitangazwa mwaka wa 2015. Stephen O'Keefe na wenzake walichukua Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini. Kwa wiki mbili wakabadilishana chakula. Wamarekani wakala chakula cha kijijini, nyuzinyuzi zao zikapanda kutoka kama gramu 14 hadi 55 kwa siku. Waafrika wakala baga na chipsi, zao zikaanguka kutoka kama gramu 66 hadi 12. Wiki mbili tu! Butirati ya Wamarekani ikapanda zaidi ya mara mbili, na dalili za uvimbe katika ukuta wa utumbo zikapungua. Kwa Waafrika mambo yakageuka kinyume chake.

Tazama vizuri: wote hao ni watu wenye asili ya Afrika. Damu haikubadilika, ni sahani iliyobadilika.

Habari hiyo ina pande mbili. Upande mzuri ni kwamba hujachelewa, wiki mbili zaweza kuleta tofauti. Upande wa kutisha ulionekana mwaka wa 2016, Marekani, kwa panya walionyimwa nyuzinyuzi kizazi baada ya kizazi. Kizazi cha kwanza kikirudishiwa chakula, bakteria wengi walirudi. Kufikia kizazi cha nne, wengi walikuwa wametoweka, na hata chakula kiliporudi, wao hawakurudi. Kwa hiyo si swali la wewe peke yako, ni swali la wajukuu wako pia.

SISI TUMESIMAMA WAPI?

Hapa kwetu Kenya takwimu za taifa za afya zinasema wazi. Mwaka wa 2014 wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliokuwa na uzito uliozidi au unene walikuwa asilimia 33. Katika hesabu ya mwaka wa 2022, kwa wanawake wa miaka 20 hadi 49, ilikuwa asilimia 45. Umri uliohesabiwa haukuwa sawasawa, lakini mwelekeo hauhitaji miwani. Hii ndiyo nchi ileile ambayo Donnison hakupata mgonjwa mmoja wa presha katika wagonjwa 1,800.

Na sahani zetu? Unga wa mahindi uliokobolewa ndio unaoitwa "grade one", na wa posho mill, uliosagwa na ganda lake, unaonekana wa mtu asiyejiweza. Gramu 100 za unga mweupe wa ngano zina nyuzinyuzi chini ya gramu 3, ilhali atta nzima ina zaidi ya gramu 10. Twalipa zaidi ili tupunguziwe!

Angalia pia meza ya futari. Viazi karai, bhajia, sambusa, kaimati, mkate mweupe, na jagi la sharbati. Sisemi usile, futari bila bhajia ni kazi kumwambia mtu. Lakini mezani hapohapo pana tende, ambazo gramu 100 hutoa kama gramu 7 za nyuzinyuzi. Pana mbaazi za nazi, kunde, muhogo, ndizi mbichi na viazi vitamu. Hivyo ndivyo vyakula vinavyowalisha wale wenyeji. Sasa kwa nini viwe pembeni na bhajia iwe katikati?

Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Si vigumu, wala si ghali:

1. Rudia posho mill, au changanya nusu kwa nusu ukianza. Chapati vilevile, tia atta nzima.

2. Kula jamii ya kunde kila siku: maharagwe, mbaazi, pojo, dengu, kunde. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa hutoa zaidi ya gramu 10.

3. Usidharau kiporo. Mwaka wa 1982 mtaalamu Hans Englyst wa Cambridge na wenzake walieleza kwamba kuna wanga unaokataa kusagwa. Wali, viazi au ugali ukipoa, sehemu ya wanga wake hugeuka kuwa wa aina hiyo, na ukifika chini huliwa na bakteria. Ila kihifadhi upesi mahali pa baridi, kisikuletee kuharisha.

4. Tunda lile zima, usilikamue likawa maji matupu. Juisi iliyochujwa ni tunda lililoibiwa nyuzinyuzi.

5. Anza polepole na unywe maji ya kutosha. Ukiongeza kwa pupa tumbo litajaa gesi, kwa sababu bakteria wamepata karamu ambayo hawakuizoea. Na mwenye ugonjwa wa utumbo, au anayetumia dawa za kisukari, amwone daktari kwanza.

Ndugu msomaji, Donnison, Trowell na Burkitt walikuwa wageni. Walitazama chakula chetu kwa makini kuliko tulivyokitazama wenyewe, wakaandika, na mataifa mengine yakafaidika. Sisi hatukuhitaji kusoma Lancet. Elimu hiyo ilikuwa ndani ya chungu cha nyanya. Nyanya zetu wengi bado wapo hai. Kaa nao, waulize walikula nini walipokuwa wasichana, walisaga vipi, walipika vipi, wakachanganya nini na nini. Andika majibu yao kabla hayajapotea, kisha uchague yaliyo mema na uyapike nyumbani kwako. Yale mabaya, kama njaa na kwashiorkor, tuyaache huko yalikobaki.